Dimbwi la Msituni na Chunusi Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila yanapotajwa madimbwi ya kuogelea yaliyojificha msituni, hasa baada ya mtu kuzama. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Dimbwi la msituni hutokeaje? Mbona mto ni mdogo lakini hapo pana kina?

Mengi yamechimbwa na mto wenyewe. Maji yakiruka jabali hupiga chini kwa kishindo, yakazungusha mawe na changarawe mahali pamoja mwaka hadi mwaka, na mawe hayo huutoboa mwamba kama kekee inavyotoboa ubao. Ndiyo maana chini ya maporomoko huwa na kilindi hata pale ambapo hatua hamsini kabla na hamsini baadaye watoto wanavuka na maji magotini. Mtu aliyeuzoea mto huo kwa kuuvuka hudhani anaujua wote.

Mengine ni chemchemi zinazobubujika penye miti mikubwa, na mengine ni kreta za volkano zilizojaa maji, kama Ngosi katika milima ya Mbeya, iliyozungukwa na msitu mnene, au Chala kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania.

2. Chunusi ni nani?

Jina ni moja na kile kipele cha usoni, lakini huyu ni kiumbe wa majini anayesemwa kuwavuta waogaji chini. Hana sura moja. Kuna wanaosema ni jini, kuna wanaosema ni mnyama, na wengi hawasemi chochote kuhusu umbo lake, wanajua tu kwamba yupo. Wasimulizi hukubaliana zaidi juu ya tabia: hukaa penye kina na kivuli, hushika miguu, na maiti akirudishwa huwa hana jeraha ila damu puani. Kuhusu damu hiyo, tazama swali la 8.

Asichanganywe na mzimu. Mzimu una mahali pake na watu wake, huombwa, huombewa mvua, hukasirika na kutulizwa. Wala asichanganywe na nguva, ambaye ni mnyama wa kweli wa baharini anayenyonyesha mtoto wake. Chunusi haombwi kitu. Anachukua tu.

3. Je, yupo kweli?

Kila kinachosemwa juu yake nimekiona kikielezeka kwa maji, baridi na mwili wa binadamu, na maelezo yenyewe yako hapa chini. Siamini kuwa yupo. Lakini nakataa pia kuwaita waongo wanaomtaja. Wao wanasimulia walichokiona kwa macho: kijana mwenye nguvu, maji yaliyotulia, hakuna kelele, na mara hayupo. Ushahidi wao ni sahihi karibu kila kipengele. Jina la muuaji ndilo lililokosewa, na kosa hilo lina gharama, kama utakavyoona kwenye swali la 14.

## Simulizi

4. Ni simulizi gani ya dimbwi iliyo kubwa kuliko zote Afrika Mashariki?

Kwangu mimi ni ya Ngarambe, huko Rufiji, mwaka 1904. Wazee waliohojiwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walisimulia kwamba Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo asubuhi, kama saa tatu, familia yake ikiwa nje inaota jua. Akaanza kutambaa kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, kuelekea majini. Wakamshika miguu wamrudishe, wakashindwa, naye akilalamika kuwa wanamuumiza. Akatoweka dimbwini.

Waliojua kuogelea wakapiga mbizi, hawakuona kitu. Ndugu wakalala ukingoni wakisema kama amekufa watauona mwili, na kama amechukuliwa na pepo wa maji atarudishwa, hai au maiti. Kesho yake, saa tatu ileile, akaibuka mzima, nguo zake kavu, amezifunga vilevile alivyozifunga jana. Akaanza kutabiri. Pepo huyo aliitwa Hongo, na kutoka hapo ndipo ilipoenea ile dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 na kuendelea hadi 1907. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga.

Soma tena lile neno la ndugu ukingoni. Kabla hajatokea nabii wala vita, watu wa Ngarambe tayari walikuwa na sheria kamili ya dimbwi: aliyechukuliwa na maji hurudishwa, na kazi ya ndugu ni kusubiri pale pale. Hadi leo familia hufanya hivyo.

5. Na zile za kijiji kilichozama?

Maarufu zaidi ni Simbi Nyaima, ziwa la kreta karibu na Kendu Bay nchini Kenya. Bibi kizee alifika usiku kijijini penye ngoma, akanyimwa hifadhi, isipokuwa na mama mmoja. Usiku ule mvua ikashuka, kijiji kikamezwa na maji, akapona yule mama mkarimu. Jina lenyewe kwa Kijaluo hutaja kijiji kilichozama. Chala nayo ina yake: mmisionari Charles New alipofika huko mwaka 1871 alisimuliwa kuhusu makazi ya Wamasai yaliyomezwa, ambayo sauti za mifugo yake zinasikika bado.

Ukisimama juu ya ukingo wa Chala unaelewa. Nyika kavu, tambarare, halafu ghafla ardhi inakatika na chini kabisa kuna maji ya buluu ambayo hakuna mto unaoonekana kuyaingia. Maji hutoka Kilimanjaro yakipita chini kwa chini. Asiyejua hilo atauliza kilichokuwa hapo kabla ya shimo, na jibu litatungwa.

6. Nchi nyingine wanao chunusi wao?

Wanao wengi. Wajapani wana kappa, Warusi wana rusalka, Waswidi wana Näcken anayepiga fidla kwenye maporomoko. Kaskazini mwa Uingereza watoto walitishwa kwa Jenny Greenteeth, bibi wa meno ya kijani, na huyu anafunza kitu: alihusishwa na gugu dogo linalotanda juu ya maji yaliyotuama hadi yakaonekana kama uwanja wa nyasi. Mtoto akikanyaga, gugu linaachana, anazama, kisha linajifunga juu yake kana kwamba hapajapita mtu.

7. Miiko ya dimbwi ina maana yoyote, au ni vitisho?

Inategemea mwiko. Usiende peke yako: huu hauhitaji utetezi. Usioge jua la utosi: wazee walisema ni saa ya majini, na ikawa ndiyo saa ambayo viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono (swali la 13). Sidai kwamba wazee walijua habari za konokono, nasema tu aliyeshika mwiko huo alikingwa. Usiogelee mvua ikinyesha milimani hata kama hapa jua linawaka: mto hupanda kwa dakika chache na dimbwi likageuka mtego.

Kuna pia miiko ya kupiga mluzi, kutaja majina, kuvaa nguo nyekundu. Sijaona hatari ya maji iliyofichwa humo, na sioni haja ya kuitafuta kwa nguvu. Mwiko unaweza kuwa adabu tu ya kuingia mahali pa watu wengine. Kwenye Kaya Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kabla ya kuingia msituni na huambiwa asichukue hata jani. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na miti yake imesimama hadi leo kwa sababu ya adabu za namna hiyo. Ukiambiwa hapa hapaogwi kwa sababu ni mahali pa mizimu, usioge. Hilo halina mjadala wa kisayansi.

## Maji na mwili

8. Kama si chunusi, kwa nini maiti hutoka damu puani?

Mtu anapozama maji huingia kwenye mapafu, yakachanganyika na hewa na majimaji ya mwili, likatokea povu jeupe laini kama la sabuni. Vijishipa vidogo vikipasuka povu huwa na rangi ya waridi. Mwili ukitolewa na kulazwa, povu husukumwa nje puani na mdomoni, na ukilifuta linatoka tena. Madaktari wanaochunguza maiti hulitambua kuwa dalili ya kuzama. Kwa ndugu aliyepiga magoti pale ukingoni na kanga mkononi, akifuta na kufuta, ni damu iliyonyonywa. Simlaumu hata kidogo.

9. Ni kweli kuna madimbwi yasiyo na mwisho?

Hakuna. Hadithi huwa hivi: walifunga jiwe kwenye kamba, wakashusha kamba zote za kijiji, hazikufika. Katika maji yanayozunguka, mkondo huibeba kamba ikapinda kama upinde, nawe unaendelea kuachia kamba bila kuhisi jiwe likigusa chini. Chala, iliyosemwa haina mwisho, imepimwa: ni zaidi kidogo ya mita 90. Kwa mtu anayezama, mita 4 zinatosha kabisa.

10. Mbona wanaokufa huwa ni waogeleaji hodari?

Kwanza, asiyejua kuogelea haendi katikati. Pili, maji ya msituni yana tabaka. Kivuli huzuia jua, hivyo sehemu ya juu inaweza kuwa ya kupendeza na mita moja chini ikawa baridi kali, hasa milimani. Mtu akitumbukia kwa kichwa kwenye maji baridi ghafla, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake. Pumzi hiyo ikivutwa ukiwa chini, unavuta maji.

Tatu, chini ya maporomoko maji yamejaa viputo vya hewa, na maji ya namna hiyo hayambebi mtu. Unapiga mikono kama ulivyozoea lakini hupandi. Pembeni mara nyingi kuna mwamba uliochimbika kwa chini kama pango, na mkondo unaelekea humo.

Nne, na hili vijana hawaambiwi: kuhema haraka haraka mara nyingi ili kupiga mbizi ndefu ni hatari. Hakuongezi hewa ya maana mwilini. Huondoa tu ile hali inayokulazimisha kupanda kuvuta pumzi. Unazimia chini ya maji bila onyo, tena ukijisikia vizuri. Hapo wenzako watasema alitulia tu, kama aliyeitwa.

11. Lakini anayezama si hupiga kelele? Mbona hatukusikia?

Tuna methali mbili. Mfa maji haachi kutapatapa, na mfa maji hukamata maji. Ya pili ndiyo sahihi zaidi. Mdomo wa anayezama huibuka na kuzama kwa muda mfupi mno, hautoshi kuita. Mikono hainyooshwi juu, inafunguka pembeni na kuyakandamiza maji kana kwamba ni kitu cha kuegemea. Mwili umesimama wima, miguu haipigi. Hali hii iliandikwa na mwokoaji wa Marekani, Francesco Pia, miaka ya 1970, baada ya kutazama picha za watu wakizama kweli, na hudumu kati ya sekunde 20 na 60. Ukimwona mtu ametulia hivyo, kichwa kimelala nyuma, uso umeelekea ukingoni na haitiki unapomwita, amekwisha kuanza kuzama.

12. Kwa nini wengine hurudishwa siku ya tatu, na wengine hawarudi?

Mwili huzama kwanza. Kuoza kunapoanza, gesi hujaa tumboni na mwili hupanda. Kwenye maji ya joto hilo huchukua siku chache tu, ndipo ikazaliwa hesabu ya siku tatu. Kwenye kilindi baridi gesi hutengenezwa polepole sana na uzito wa maji huikandamiza, hivyo mwili unaweza kukaa wiki nyingi au usipande kabisa. Mizizi na mapango ya mwamba pia hushika. Dimbwi linalosifika kwa kutorudisha watu karibu kila mara ni lenye baridi na kina.

## Ukiwa ukingoni

13. Nitajuaje kama panafaa kuogelea?

Anza kwa kuwauliza wenyeji, na uulize swali la moja kwa moja: nani amekufa hapa, na alikuwa upande gani? Uliza kuhusu mamba pia, maana Chala mwaka 2002 kijana wa Kiingereza aliuawa na mamba akiogelea.

Kisha okota jani kavu, lirushe karibu na maporomoko, ukae chini ulitazame. Jani likitoka na kwenda zake na mto, vizuri. Likielea kuelekea kwako halafu likageuka, likarudi kwenye maporomoko, likazama, likaibuka na kurudia tena, umeona njia utakayoipita wewe ukiingia. Nimewahi kukaa nusu saa nikitazama jani moja la mkuyu likizunguka hivyo, na sikuvua hata viatu.

Rangi si kipimo. Maji ya kahawia kama chai mara nyingi yamepakwa rangi na majani tu, na yale ya buluu yaliyotakata yanaweza kuwa ndiyo ya kina na baridi. Viputo vinavyopanda penye tope kwa kawaida ni gesi ya majani yanayooza. Usitumbukie kwa kichwa mahali usipojua chini yake. Kuhusu kichocho, jihadhari na maji yaliyotuama penye majani na konokono, hasa mchana. Ukishaoga humo, subiri wiki kadhaa kisha ukapime, hata kama hujisikii mgonjwa. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu.

14. Mtu anazama na watu wanasema tusiingie, chunusi ataondoka na wengine. Nifanye nini?

Wana haki nusu. Usiingie majini. Anayezama atakukumbatia na kukuzamisha, na ndivyo dimbwi moja linavyozika ndugu wawili siku moja. Onyo la kwamba chunusi huchukua na anayeokoa limetokana na misiba ya kweli.

Lakini kutoingia si kusimama mkashika vichwa. Hapa ndipo jina la chunusi linapoua. Likishatamkwa, watu huamini jambo limekwisha, nao wanabaki na dakika mbili tatu ambazo zingeokoa maisha. Rusha kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko humbeba mtu mzima bila shida, na karibu kila aliyekuja mtoni kuchota maji analo. Nyoosha mti au mwanzi huku umelala kifudifudi ukingoni. Funga kanga tatu pembe kwa pembe, zitafika mita nne au zaidi.

Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi mbili hadi tano mpaka kifua kipande. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pulizia mara mbili, rudia bila kukoma huku mwingine akitafuta gari. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, maana mapafu yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye.

## Maswali magumu

15. Mimi mwenyewe nilishikwa mguu nikavutwa. Utaniambia niliota?

Hapana. Ulishikwa. Huenda ulikuwa mzizi au tawi lililozama, au mkondo wa chini unaokwenda upande tofauti na wa juu: kiwiliwili kinabaki, miguu inaburutwa, na hisia yake ni ya mkono kabisa. Msuli wa shavu la mguu ukikaza ghafla nao huuma kama umekamatwa. Ikitokea tena, lala chali, tulia, acha mkondo ukutoe pembeni.

16. Kuna mahali panaweza kuua mtu asiyeingia hata majini?

Papo, ila ni kwenye maeneo ya volkano. Watu wa Goma huita mazuku: mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mbuzi huingia na kuanguka, mchungaji anamfuata, naye anaanguka. Huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gesi hiyo ililipuka kutoka kilindini mwa Ziwa Nyos ikaua watu wapatao 1,700. Ukiona ndege na wadudu wamekufa kwenye bonde lililotulia karibu na maji ya volkano, panda juu mara moja.

17. Watoto wangu niwaambie habari za chunusi, au niwaambie ukweli?

Mtoto wa miaka minne hataelewa mkondo, na hofu ya chunusi itamweka mbali na maji wakati unapika. Sioni dhambi hapo. Shida huanza akifika miaka tisa, kumi, wenzake wanapoingia majini na kutoka salama. Siku hiyo hofu yote inamtoka kwa mara moja na hana kitu kingine cha kumlinda. Kabla siku hiyo haijafika, nenda naye mwenyewe, mwonyeshe jani, mwache atie mguu aonje baridi ya chini, na mfundishe kuelea chali.

18. Mtu amezama, na wazee wanataka tambiko kabla ya mwili kutafutwa. Tukatae?

Msikatae tambiko, kataeni kusubiri. Wapiga mbizi watafute wazee wakiendelea na yao. Wazee wenyewe mara nyingi ndio wanaojua mwamba uliochimbika uko upande gani, kwa sababu wamekwisha kutoa watu hapo.

Kwenye dimbwi la kwetu wazee walichinja, wakafunga kitambaa cheupe kwenye tawi la mkuyu lililoinama juu ya maji. Wiki iliyofuata vijana walifunga dumu la njano kwa kamba ya katani kwenye tawi lilelile. Mzee mmoja aliwaita akawaambia fundo lao ni baya, akalifungua, akalifunga upya ili livutike kwa mkono mmoja.